Nywele Safi za Ivanor

Kati ya madereva wote wa malori ya soya pale Rondonópolis, ni mmoja tu ambaye hajawahi kumeza rebite, vile vidonge vya kukesha barabarani: Ivanor, mzee wa miaka hamsini na sita, kifua kimejaa nywele kama zulia. Sasa leseni haitoki mpaka nywele zipimwe, na rebite hujificha kwenye nywele miezi. Basi asubuhi ya kupima, Valdecir na wenzake wawili wakamvizia kwenye bafu la kituo cha mafuta.

"Mzee, tulia. Tunavuna tu."

Ivanor akamvunja wa kwanza pua kwa kiwiko. Wa pili akambamiza Ivanor kichwa kwenye sinki, vigae vikalowa damu. Valdecir akamkalia mgongoni na mashine ya kunyolea: kichwa, kifua, kwapa. Na mikwaruzo juu yake, nyongeza ya bure.

"Kondoo hulia tu, wewe unang'ata," Valdecir akalalamika, kidole kinachuruzika.

Wakasepa na nywele kwenye mfuko wa mkate.

Ivanor akajikokota hadi kliniki. Leseni ikifa leo, kesho lori lake lina dereva mwingine. Nesi Zulmira akamtazama weee.

"Baba, umelewa au umegongwa?"

"Nimevunwa."

"Kunja suruali."

Miguu msitu mtupu. Akakata kishungi, akakifungia kwenye bahasha. Ikaja presha: mia na tisini kwa mia na kumi.

"Hii siiandiki. Kaa nusu saa. Ikigoma kushuka, leseni huna."

Mara akaingia Valdecir, kajinyoa mpaka nyusi, mfuko wa mkate mkononi.

"Nywele zangu hizi, dada. Nimekupunguzia kazi."

"Nakata mwenyewe, kwenye ngozi yako," Zulmira akasema. "Hizo kajazie mto."

Ivanor akashindwa kujizuia, akacheka. Valdecir akamtandika ngumi ya mdomo, jino likaruka hadi juu ya fomu. Ya pili ikapasua jicho. Ivanor akaikalia mikono yake, presha isipande, akavuta pumzi taratibu kama mama mjamzito. Akala na ya tatu. Ndipo mlinzi wa kliniki akamkwida Valdecir, akamtoa nje kwa kumgonga paji la uso mlangoni.

Zulmira akaanza kuhesabu nusu saa upya. Kisha akapima.

"Mia na arobaini kwa tisini. Presha imepita, nywele zitajisemea. Sasa toa jino lako kwenye fomu yangu."