Mpaka Karani Ale

Siku hizi nikitoka kazini siingii nyumbani kwangu mpaka mbwa anijue, na kwetu hakuna mbwa. Tunakaa mtaa wa Fedha, Nairobi, gorofa ya tatu, na mwenye jumba hataki hata paka. Lakini Nyanya, ambaye tulimleta kukaa nasi baada ya kupotea njiani akitoka sokoni, huufungua mlango kidogo tu, akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akaniuliza, "Wewe ni wa nani?" Ninamwambia, "Susu," yaani nyanya kwa Kikamba, "ni mimi, mjukuu wako, mtoto wa binti yako wa kwanza." Anatikisa kichwa kwa upole kabisa. "Sawa, mama. Lakini Karani hajakujua."

Kama uliwahi kufika kwetu zamani, unamkumbuka Karani. Kama hukufika, vuta kiti nikueleze, maana wengine wote nikianza kueleza wananipa ushauri.

Nililelewa Shauri Moyo, kwenye nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, kwa sababu mama yangu alifanya kazi za nyumbani mtaa wa mbali na alilala huko huko kwa mwajiri. Tulikaa vyumba viwili na kibaraza, mimi, babu, nyanya na mama mdogo wangu aliyekuwa hajaolewa. Babu alikuwa amestaafu udereva wa lori, lakini Nyanya aliendelea kumwita Dereva, naye akimwita Bosi. Asubuhi tuliamshwa na nyundo za mafundi wa mabati, kabla hata ya jogoo wa jirani, na moshi wa makaa ukaingia hadi kwenye blanketi. Mpaka leo nikisikia mtu akigonga bati nasikia njaa.

Nyanya alipika vitu vya kwao Ukambani. Mahindi yaliyokobolewa yalikuja kwa gunia na jamaa waliotutembelea, akayaloweka, akayachemsha na maharagwe mpaka mtaa mzima ukajua kwamba leo kwa Susu ni muthokoi. Sufuria zake hazikuguswa na mtu. Ndiyo maana Babu alikuwa na jiko lake na sufuria yake, nyeusi tititi, na mle ndani aliwapikia mbwa. Kila Jumamosi alishika ndoo, akatembea hadi soko la Burma, ambako mchinjaji mmoja alimwekea mifupa na mapafu. Akirudi alikaa kibarazani akikoroga, akimwaga unga kidogo kidogo, akionja chumvi. Ndiyo, alionja! Jirani yetu mama muuza mboga hakuchoka kumchokoza Nyanya: "Bwana yako anapikia mbwa, na wewe hajakupikia hata chai." Nyanya alimjibu bila kuinua macho, "Acha awapikie. Ningekula mapishi ya yule mzee ningekuwa nimeshakufa."

Mbwa walikuwa wawili. Malkia alikuwa wa Nyanya, mvivu, kazi yake kulala juu ya magunia. Karani alikuwa wa Babu. Alipewa jina hilo kwa kuwa alikaa mlangoni kama karani wa ofisi, akikagua kila anayeingia, na aliyetaka kupita bila ruhusa alijuta. Zamani alimng'ata kaka yake Nyanya, aliyetoka kwao Ukambani na kuku wa zawadi mkononi, na aibu ya siku ile ndiyo iliyomfanya Babu kutunga sheria. Mgeni akija, hata awe ndugu wa damu, anapewa tonge la ugali wa mbwa, anachuchumaa, anamnyooshea Karani kwa kiganja. Karani akila, mgeni ameandikwa, hatabwekewa tena maisha. "Mbwa hasomi ukoo," Babu alisema. "Anasoma mkono." Nimewaona wazee wa kanisa wakichuchumaa pale na suti zao za Jumapili, na sisi watoto tumeziba midomo tusicheke.

Halafu akaja mchumba wa mama mdogo.

Alikuwa kijana wa Kikuyu aliyeuza viatu vya mitumba soko la Gikomba. Nyanya alitaka mkwe wa kwao, na hakuficha, lakini chapati alipika, na kuku akachinjwa. Kijana akafika na suti, amejipaka marashi ya kutosha bibi harusi. Babu akampa tonge. Akachuchumaa, akanyoosha mkono. Karani akanusa kiganja, akapiga chafya, akageuka, akaenda kulala. Watoto wa ploti nzima wakapasua kelele, "Amekataa! Karani amekataa!" Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na gauni jipya. Babu angeweza kumfungia mbwa nyuma na maisha yaendelee, lakini sheria ni sheria. Akamwambia kijana, bila ubaya, "Amekataa. Rudi kesho."

Zile chapati tulizila kama wafiwa. Mama mdogo hakula, alilia chumbani, na mimi nilidhani dunia imeisha. Lakini kesho yake kijana akarudi. Karani akakataa. Akarudi tena, akakataliwa tena, mpaka mama muuza mboga akaanza kumwonea huruma na kumpa ndizi za njiani. Alikuja hivyo hadi jioni moja alipotoka sokoni moja kwa moja, hana suti wala marashi, vidole vimejaa vumbi na rangi ya viatu. Akachuchumaa hata kabla ya kuambiwa. Karani akala tonge lote, akamlamba mpaka katikati ya vidole. Nyanya alikuwa amesimama na mwiko. Akatazama, akavuta pumzi, akasema, "Haya, mpeni kiti." Yule ndiye baba mdogo wangu hadi leo, ana kitambi, na ndiye hubeba meza kila tukiwa na sherehe.

Basi mimi nilikua nikijua hivyo, kwamba mlango unaokukataa leo, kesho utafunguka, cha muhimu ni kurudi.

Karani huyo alipokufa, Babu alileta mwingine akamwita Karani. Huyo naye alipokufa, akaja mwingine. "Mtu hufa, kazi haifi," alisema. Babu mwenyewe alipofariki tulimpeleka kwao tukamzika, na tuliporudi Shauri Moyo Karani wa mwisho hakula kwa mkono wa mtu yeyote. Nyanya alimpikia kwenye sufuria ile ile nyeusi, kwenye jiko lile lile. Nilimbembeleza hadi nikalia. Alifumba macho tu. Baada ya kumzika Karani nilimwuliza Nyanya kama tumtafutie mwingine, akasema, "Nani atampikia?" na kuanzia siku hiyo kibaraza kikawa kimya. Sasa hata kibaraza hakipo, nyumba zile zimevunjwa, na ukinisimamisha pale siwezi kukuonyesha mlango ulikuwa wapi.

Tumejaribu kila kitu ili Nyanya anijue. Daktari alituambia tusibishane naye, akaandika dawa za usingizi. Mume wangu, ambaye hufika nyumbani kabla yangu na kuanza kupika, yeye haulizwi chochote. Nyanya anamwona mwanamume anakoroga sufuria, anatabasamu, anamwita Dereva. Yeye ndiye aliyesema tutafute mbwa. Mlinzi wa jumba alikataa kabla sijamaliza sentensi: "Madam, mbwa hapa hapana. Mwenye ploti atanifuta kazi, na niko na watoto." Tukaomba tuazimwe yule mbwa wa lango la jirani, tukampandisha ngazi kwa kamba. Nyanya akamtazama kwa huruma, akasema, "Maskini, huyu si Karani. Mpeleke kwao."

Kwa hivyo nikaanza kufanya ninavyofanya. Mume wangu ananipenyezea tonge la ugali kwenye mwanya wa mlango. Nachuchumaa hapo kwenye korido, na mkoba begani, nanyoosha kiganja kuelekea sakafu tupu. Majirani wanapita na mifuko yao ya mboga, wengine wanasalimu, wengine wanajifanya hawajaona. Nyanya anatazama pale chini kwa makini, anasubiri, kisha uso wake unafunguka. "Haya, amekula. Ingia, mama." Na ukishaingia, wewe! Siku nyingine, tukishakaa, ananishika mkono na kuniita jina la utotoni ambalo ni yeye na Babu tu waliolijua. Mara moja tu, katikati ya mazungumzo, lakini mimi naishi kwa hiyo mara moja. Kwa ajili yake ningechuchumaa hata barabarani.

Jana nilichuchumaa kama kawaida. Nyanya akatazama sakafu. Nikasubiri, miguu ikaanza kufa ganzi. Akatazama tena, kisha akanitazama mimi, na niliona kwamba anasikitika kweli, kama mtu anayempa mgeni habari mbaya.

"Amekataa, mama," akasema. "Rudi kesho."

Mume wangu, nyuma yake, akanionyesha kwa mkono nipite tu, nyumba si yetu? Na kweli ni nyumba yetu, mimi ndiye ninayeilipia. Lakini nilikumbuka Babu angeweza kumfungia mbwa nyuma na hakufanya hivyo, na sikuweza kumsukuma mlangoni mwanamke aliyenifundisha kutembea. Nikamwambia, "Asante, Susu. Nitarudi." Akafunga mlango taratibu, nikamsikia akimwambia Karani wake mle ndani, kwa sauti ya kumbembeleza, atulie, mgeni ameshaenda.

Nikashuka ngazi hadi langoni, nikakaa kwenye benchi la mlinzi. Kule Shauri Moyo palikuwa na mbwa wa kweli, na mbwa wa kweli anaweza kubadili nia. Huyu wa sasa anaishi kichwani mwa mtu anayeniondokea kila siku, nami sijui anataka nini kwangu, wala hakuna wa kuniambia. Ugali ulikuwa umepoa mkononi. Nikaula mwenyewe. Kisha nikakumbuka kwamba asubuhi nilijipaka mafuta mapya yenye harufu, nikaenda kwenye mfereji wa langoni, nikaosha mikono bila sabuni, nikaisugua kwa mchanga, kwa ajili ya kesho.