Jezi ya Sumaku

Dobi wa mtaa wetu alikuwa na vyumba viwili vya chini. Cha mbele kilikuwa cha riziki: meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili, na kamba ambapo mashati ya watu yalining'inia yakiwasubiri wenyewe. Cha nyuma kilikuwa cha moyo wake. Humo, juu ya rafu alizozigongomea mwenyewe, alipanga magari ya bati yaliyobabuka rangi, treni ya kukaza kwa ufunguo isiyo na ufunguo, mwanasesere mwenye jicho moja, vikombe vya mashindano yaliyokwisha kusahauliwa, na glovu za ndondi ngumu kama magome. Hakuna alichokinunua kwa zaidi ya bei ya mche wa sabuni.

"Wajukuu wasiguse, wageni wasiguse," mkewe alizoea kusema. "Baba, hivi vidude ni vya kuchezea au ni wakwe zako?"

"Tena wakwe wema, mama. Hawaombi chai."

Alivipenda vitu vya kale, ni kweli. Lakini alianza kuvichakura kwa sababu moja. Kaka yake alikuwa mlinda mlango wa timu ya kiwanda cha mbao, na mashabiki walimwita Sumaku. Kiwanda kilipofungwa, Sumaku alisafiri kutafuta kazi. Zikaja barua tatu, kisha kimya, na kimya hicho sasa kilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Nyumbani hakikubaki kitu chake, hata picha. Jezi za timu zilikuwa zimefungiwa ghalani pamoja na misumeno. Ghala hilo liliposafishwa na vilivyomo kutawanywa kwenye masoko ya mitumba, Dobi alianza kwenda sokoni kila Jumamosi.

Lundo la mitumba lina sheria zake. Kilichomo mkononi mwa mtu hakiguswi na mwingine mpaka akirudishe lunduni. Mnunuzi haoneshi furaha, kwa maana furaha hupandisha bei. Na miongoni mwa wachakuraji wa soko lile, asiyejua alimwuliza anayejua, naye alijibiwa kweli. Kwa mambo ya nguo, anayejua alikuwa Dobi. Hakuna aliyewahi kulishuku neno lake.

Jumamosi moja alimkuta Kocha amemtangulia. Huyu alikuwa fundi bomba mstaafu, ambaye hakuwahi kufundisha hata kuku kurudi bandani. Jina alilipata kwa kuwapigia kelele wachezaji akiwa jukwaani. Mkononi alishika jezi ya manjano iliyofifia. Nembo ilikuwa imebanduka, yamebaki matundu ya sindano. Kwenye kiwiko cha kulia palikuwa na kiraka cha buluu chenye vitone vyeupe. Kitambaa kile kiliwahi kuwa sketi ya mama yake Dobi. Ni Dobi mwenyewe aliyemshikia mama mkasi siku kilipokatwa.

"Dobi! Umekuja wakati wake. Hebu nisomee hii, ni ya timu gani?"

Dobi aliinama, akaokota kiatu cha mpira kisicho na mwenzake, akakigeuzageuza.

"Hiyo? Fulana ya kazi tu. Ya wapaka rangi."

"Na hii namba moja mgongoni?"

"Wapaka rangi nao huhesabiwa."

Kocha akacheka. "Loo! Nami nilishaanza kujiona nina lulu." Akaitupa lunduni.

Dobi aliiacha ikae kidogo. Kisha akaiokota, akakiviringishia kiatu ndani yake, na muuzaji akamtoza bei ya tambara.

Aliitundika kwenye chumba cha nyuma, akakaa mbele yake mpaka alasiri. Mkewe alipoingia alimkuta sasa ameigeuzia jezi mgongo.

"Si ndiyo hiyo uliyokuwa ukiitafuta?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona kama umefiwa?"

"Nimemkana kaka, mama. Mbele za watu. Nimesema ni fulana ya kazi tu, ili Kocha aiachie."

Mkewe alimaliza kukunja shati la mteja, akalilaza juu ya mengine. "Kwa Kocha si safari ya kufungia mizigo," akasema.

Kesho yake asubuhi Dobi aliikunja jezi kama ya mteja, akaenda.

"Nilikudanganya," alisema hata kabla ya kukaribishwa kiti. "Hii ni ya Sumaku. Sumaku ni kaka yangu. Ilikuwa mkononi mwako, basi chukua."

"Sumaku wa kiwanda cha mbao? Miaka yote tunachakura pamoja, hukusema?"

"Sikusema."

"Mwanamume wewe! Ungenong'ona tu, ningekuachia. Keti, na hiyo jezi ishike mwenyewe. Mimi nilikuwepo siku ya penalti tatu."

Siku ile Dobi hakuwepo. Alikuwa kwenye karo la kufulia, akijifunza kazi. Kocha alisogeza viti viwili vikawa milingoti ya goli, akasimama katikati, magoti yakilalamika.

"Ya kwanza, alirukia huku. Ya pili, alisimama wima, ikamjia kifuani. Ya tatu hakuruka kwanza. Alicheka."

"Alicheka?"

"Mpaka mwamuzi akamkemea."

Dobi alikuwa bado na sura ya kaka yake akilini. Sauti ilikuwa imempotea zamani, wala hakuwahi kumwambia mtu.

"Kilikuwa kicheko gani?"

"Kilianzia chini, kama mtu anayekohoa. Kisha kikapanda."

"Hebu kicheke."

Kocha aliona haya, akatazama mlangoni, akajaribu.

"Hapana," alisema Dobi, akifumba macho. "Kilikuwa kirefu zaidi. Hebu tena."