Chachu Iliyotoka Nje

Nisiwafiche, Bibi Dulamjav simpendi. Ni jirani yangu, hema lake ukiliita kutoka kwangu linaitika, lakini roho yake ngumu. Mkwewe Yanjmaa aliolewa pale akiwa bado msichana mbichi, akakabidhiwa kiriba kinachoning'inia mlangoni, cha airagi, maziwa ya farasi tunayoyachachusha. Tangu hapo hajui kiangazi kikoje ng'ambo ya mlima.

Atavukaje? Farasi jike hukamuliwa kila baada ya saa mbili, kutwa nzima, na kiriba lazima kisukwesukwe mpaka mkono ufe ganzi. Kwetu kila anayeingia hushika mchi uliomo kiribani akapiga kidogo, ndiyo adabu. Lakini mgeni hupiga akaenda zake, Yanjmaa akabaki. Babake alipofariki alilia huku anasukasuka. Mazishi aliyasikia kwa simu.

Ndiyo maana binti yake Enerel alipopelekwa bweni la shule mjini, mama alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Alisema huyu hatafungwa.

Haukupita mwezi, muuguzi wa shule akanipigia nikamchukue mtoto kwa lori langu. Amekonda, tumbo limejaa kama ngoma, anaharisha kila asubuhi. Pale bwenini huwapa maziwa freshi kikombe kizima, na uji wa maziwa juu yake. Muuguzi akanieleza kwamba wengi wetu matumbo hayaiwezi sukari ya maziwa. Nyumbani hatushtuki kwa sababu tunachachusha, na vijidudu vya chachu vinaila sehemu ya ile sukari kabla yetu, tena vikifika tumboni vinatusaidia kuimaliza. Kumbe! Na mimi miaka yote nilidhani watu wa mjini wamedeka tu.

Mtoto akarudi nyumbani, akala mtindi, akanywa airagi, baada ya siku chache mashavu yakarudi. Siku moja nimeingia kusalimia, namkuta Enerel ameshika mchi anasukasuka.

"Mama, mimi sirudi shule," akasema. "Hapa tumbo haliumi."

Bibi akacheka, akasema shule imemkataa, kiriba kimempokea, na mikono yake imeshapata kazi. Yanjmaa alibadilika rangi. Nilimwonea huruma hadi nikakasirika.

Yanjmaa akamwomba mama mkwe bakuli moja la chachu ya mtindi, apelekewe mpishi wa bweni, awe anawagandishia watoto maziwa. Bibi akakataa katakata. Chachu haitoki nje ya hema wakati farasi bado wanakamuliwa, maana baraka ya mifugo huifuata. Hata mimi mbishi naliamini hilo. Yanjmaa akainamisha kichwa, kama siku zote.

Asubuhi nilipopitia na lori kumrudisha mtoto shule, Yanjmaa alikuwa anaichota ile chachu. Peupe, mbele ya bibi. Akajaza chupa, akaifunga kwa kitambaa, akaisukumia kifuani kwa mtoto ndani ya koti ipate joto.

"Ukiitoa hiyo, umeitoa baraka ya farasi wangu," bibi akasema.

"Naitoa, mama."

"Na wakifa?"

"Nitakuwepo hapa unilaumu. Mimi naenda wapi?"

Enerel alilia, akaning'inia kwenye mlango, na mama yake akambandua kidole kimoja kimoja bila kutoa chozi. Akampakia, akanifungia mlango wa lori yeye mwenyewe.

Lori lilipoanza kuondoka, mtoto akaniuliza mama yake atakuja lini kuiona shule. Nikageuka dirishani. Yanjmaa alikuwa ameshachukua ndoo, anakwenda kukamua.