Bangili Kwenye Siki

Kila nikipita mbele ya duka la chipsi hapa Hounslow, ughaibuni, na harufu ya siki wanayozinyunyizia ikanirukia puani, mkono wangu huenda wenyewe kuishika bangili yangu. Wenzangu wananusa chakula. Mimi nanusa kosa nililolifanya nikiwa na miaka tisa.

Shuleni mwalimu wa sayansi alikuwa ametuonyesha namna ya kukivisha chuma nguo ya shaba. Unamimina siki kwenye bilauri, unatia chumvi kidogo. Unatumbukiza kipande cha shaba kilichofungwa waya kwenye chanya ya betri, na ufunguo uliosuguliwa ukang'ara kwenye hasi. Umeme ukipita, shaba inajitoa kidogo kidogo, inasafiri ndani ya siki, inakwenda kuukalia ufunguo. Cha kwenye chanya kinatoa, alisema, cha kwenye hasi kinapokea. Mimi nilisikiliza nusu tu, maana wazo lilikuwa limeshaniingia.

Wazo lenyewe lilikuwa bangili ya Mama. Alivishwa na Bibi siku ya harusi yake Mombasa, na sikuzote alituambia ni dhahabu tupu. Sasa kwa ndani ilikuwa imeanza kuchujuka, na Jumamosi tulikuwa na harusi Queensbury. Shangazi, dadake Baba, angekuwepo. Shangazi yule! Macho yake yalipima dhahabu ya mtu tangu mlangoni. Nilimwona Mama akiigeuzageuza bangili, kisha akaivua, akaiweka juu ya friji, akaenda zamu yake ya kutunza wazee. Nikasema, leo nitaivisha shaba ing'ae kama dhahabu mpya, nimfurahishe.

Nilianza na ufunguo wa baiskeli. Baada ya nusu saa ulikuwa umeiva wekundu, nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Kwa pupa nikautoa, nikabadilisha betri, nikaitumbukiza bangili bila kuangalia waya upi uko wapi, nikaenda kutazama katuni. Niliporudi, lo! Siki imekuwa kijani, bangili imebanduka, nyeusi huku, nyekundu kule. Nilikuwa nimezigeuza nyaya. Badala ya kupokea, bangili ilikuwa inatoa. Mama alipenda kusema mwenye pupa hadiriki kula tamu, na siku ile niliuelewa msemo wake vizuri sana.

Aliporudi alinikuta nyuma ya pazia, nalia. Kwa kawaida akinisemesha Kiswahili nilimjibu Kiingereza. Siku ile Kiingereza kilinikimbia.

"Mama, nimeharibu dhahabu ya Bibi."

Aliitazama bilauri. Kisha akaketi sakafuni na koti lake mwilini, akanivuta kwake.

"Nyamaza, mwanangu. Hukuharibu dhahabu yoyote. Hii si ya Bibi. Ni bandia."

Basi! Nikafuta kamasi, roho ikatulia, nikaomba chai.

Jumamosi Mama alikwenda na mkono mtupu. Shangazi hakuchelewa.

"Wifi, bangili i wapi leo?"

Wanawake wote wakageuka. Nikaacha kutafuna sambusa yangu. Ilikuwa rahisi mno kusema mtoto kaiharibu. Macho yote yangenigeukia mimi, na siri yake ya miaka ingelala salama.

"Niliiuza, wifi," Mama alisema taratibu. "Hiyo uliyokuwa ukiiona ni bandia. Ile ya dhahabu ndiyo tuliyopandia ndege, mimi na mwanangu, kumfuata kakako."

Shangazi aliuvuta mtandio wake, akazifunika bangili zake mwenyewe. Mimi nilichojali ni kwamba sikutajwa. Nikaendelea kula.

Bangili ile ya bandia ndiyo ninayoivaa leo, na mabaka yake yote. Sonara mmoja wa Tooting aliniambia ataipaka dhahabu upya, nikanywe chai tu nirudi. Nikamshukuru, nikaivaa tena. Nakukumbuka, Mama, na naona haya. Ile nusu ya somo ambayo sikuisikiliza darasani, ya anayetoa, ulinifundisha wewe pale harusini mbele ya watu, nami nilikuwa nimejaza sambusa mdomoni.