Uzi wa Mita Mbili ndani ya Kiberiti

Katika vita vya pili vya Kongo, hadubini ya shule yetu ya Bukavu iliibwa, nami nilikuwa na somo la ADN, yaani DNA, la kufundisha. Nilimwomba mama uzi wa sufu. Alikuwa anamfumia sweta kaka yangu, aliyekwenda Bunyakiri kutafuta mawese na hakurudi. Miezi saba ilikuwa imepita, na ulibaki mkono mmoja wa kufuma. Hakuna aliyeruhusiwa hata kuijaribu.

"Chukua, lakini usikate," mama aliniambia. "Akirudia, ikuwe tayari."

Darasani nilinyoosha mita mbili, karibu urefu wa ADN iliyomo katika seli moja ya mtu, donge lililobaki nikaliacha mfukoni. Wanafunzi waliuzungusha uzi kwenye punje za maharagwe, karibu mara mbili kila punje, jinsi ADN inavyozunguka protini zake. Kisha wakazisogeza punje zikabanana, wakakunja, wakakunja tena, mpaka vyote vikaingia katika kisanduku cha kiberiti. Risasi zililia upande wa milimani. Hakuna aliyegeuka, nami nikaendelea.

"Madame, imefungwa vile, seli inaisoma namna gani?" mmoja aliuliza.

"Inafungua tu kipande chenye iko nacho lazima."

"Na chenye haifungue?"

"Kinanyamaza. Lakini haikitupe."

Nilijibu kama mtu anayesoma daftari la mwingine. Siku zile sikuwa nahisi kitu. Nilikula, nilifundisha, nililala. Nilijichukia kwa hilo, kidogo tu.

Nyumbani mama alitoa punje moja moja, akazitia katika sufuria, maana maharagwe ni maharagwe, akaurudisha uzi kwenye donge. Akaniambia ninyooshe mkono apime, bila kunivisha. Tangu mwanzo alipimia kwangu: kaka yangu nami tulirithi mikono ya baba, mirefu hadi inachekesha.

Juma lililofuata alifika mwisho. Alikata uzi kwa meno, akaitazama sweta kwa muda, akaiweka magotini pangu.

"Vaa," alisema. "Iko baridi."

Niliivaa. Mikono ilinifika sawasawa. Ndipo nikajua kwamba mama ameacha kumngoja. Sikulia. Nilikwenda kusahihisha madaftari, na kwa mara ya kwanza juma lile vidole vyangu vilikuwa na joto.