Mguu Ambao Mama Alininyima

Wacha niseme mapema ili tusisumbuane: nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ni ule wa kuamka ukakuta uchovu umeshakutangulia kuvaa gambuti. Kwa hivyo anayetaka habari za mama na binti zilizopakwa asali aulize kwa jirani.

Nilikuwa saisi, mtunza farasi. Watu wa kwetu huku Mbeere wakisikia hivyo hucheka, kwa sababu mnyama wanayemjua ni punda, na punda mwenyewe hapandwi na mtu, anapandwa na mitungi ya maji. Lakini kule juu, ukishapita Ruiri, kuna shamba lenye farasi wa kupandisha wageni. Nimewalisha farasi hao, nikawasugua, nikazoa mavi yao mpaka mvi zikaniota. Niliacha kazi nikarudi nyumbani kwa sababu ya mguu wa mama.

Mama alichomwa na mwiba akifuata mbuzi. Ana ugonjwa wa sukari, kwa hivyo kimwiba kile kikawa kidonda, na kidonda kikaanza kula kisigino cha kushoto. Muuguzi wa zahanati hakuzunguka. Alisema kioshwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kitiwe dawa, kifungwe upya. Siku ya kliniki inayofuata akikuta hakijaanza kukauka, atatuandikia twende hospitali kubwa, na huko mguu utakatwa. Alisema hayo mama akiwa amekaa palepale, mkoba magotini, anatabasamu. Hakuwa na habari kwamba mguu unaozungumziwa ni wake.

Akili ya mama imekuwa ikiondoka kidogo kidogo. Kwetu binti wa pili hupewa jina la mama yake mama, na mimi ndiye wa pili, kwa hivyo tangu nizaliwe mama hajawahi kuniita kwa jina. Aliniita "mama". Alinituma kuni akiniita mama, akanichapa akiniita mama. Safari hii nilipofika mlangoni aliniangalia, akapangusa kiti kwa leso yake, akasema, "Karibu, mgeni."

Haki, iliniuma. Nilikuwa nimembebea ndizi za Mitunguu, zile anazopenda, mabega yananiwaka moto, halafu naambiwa karibu mgeni. Nilikaa kwenye hicho kiti nikanywa uji niliopewa. Ningefanya nini?

Shida ya kuwa mgeni ni kwamba mgeni hamwoshi mwenye nyumba miguu. Mgeni anakaa, anaulizwa habari za kwao. Kila nilipokuja na beseni mama alivuta mguu akauficha chini ya sketi, akaniuliza kama wazazi wangu wanajua niko wapi. Na kulikuwa na sababu nyingine. Kabla sijarudi, ndugu yangu anayekaa Embu mjini alikuwa amekuja akamwosha kwa nguvu. Alimlaza kitandani, akambana magoti, mke wake akaosha. Kazi ikaisha haraka, nao wakarudi mjini wakijipongeza. Tangu hapo mama akiona beseni, hata lile la vyombo, anakunja mguu na uso unabadilika.

Asubuhi moja alilipiga teke. Maji yote yakaingia kwenye gambuti langu, nikabaki nimesimama hapo nikitukana moyoni. Ndipo nikamkumbuka yule farasi jike wa kahawia.

Alikuja kule shambani na kovu juu ya ukwato wa mbele wa kushoto. Alikotoka walikuwa wakiufunga mguu huo kamba na kuuvuta kila wakitaka kumchonga kwato. Miguu mitatu alikupa bila maneno. Huo wa nne, ng'o. Mwenye shamba akaleta mwanamke wa kufundisha farasi, mtu wa maneno machache na kofia mbaya, naye akaniambia nikasimame kando ya bega la yule farasi, nisimwombe chochote. Nikasimama asubuhi nzima kama kigingi. Kesho yake akaniambia niweke mkono begani, niuondoe kabla farasi hajaudhika. Halafu niuteremshe kidogo, niuondoe tena.

"Usimjie kwa mbele," aliniambia. "Usimkazie macho. Na akikupa hata kidogo, mwachie papo hapo. Kumshika hakumfundishi kitu. Anajifunza pale unapomwachia."

Mimi niliona ni upuuzi wa watu wasio na mbuzi wa kufukuza kwenye mahindi. Lakini siku ilifika yule jike akaniinulia ukwato mwenyewe, akauegemeza kwenye paja langu, akaanza kulamba midomo na kutafuna hewa. Farasi hufanya hivyo akishusha moyo. Nililia mbele ya wenzangu, wakanicheka mpaka jioni.

Basi nikaliacha beseni jikoni. Nikaleta ungo wa ndengu, nikakaa kando ya mama, bega kwa bega, sote tukitazama uwanja. Mikono yake haijasahau ndengu hata kidogo. Inatoa mawe na mbovu bila yeye kuangalia, na ukiacha jiwe lipite anakupiga kidole. Sikusema habari ya mguu. Nilimgusa bega, nikaondoa mkono. Baadaye nikamgusa tena. Siku iliyofuata nikafika goti, nikaondoa mkono kabla hajaruka. Yeye akaendelea kuchagua, akiniambia habari za watu waliokufa zamani kama vile amewaona jana sokoni.

Msifikiri ilikuwa kazi tamu. Kukaa bila kuomba kitu kunachosha kuliko kufyeka. Mbuzi walikuwa wanalia hawajafunguliwa, nguo hazijafuliwa, mimi nimekaa nagusa goti la mtu mzima naondoa mkono. Na wakati huo wote kidonda kilikuwa kinakula. Nilikuwa nakisikia harufu upepo ukigeuka.

Ndugu yangu alipiga simu kuuliza tumefika wapi.

"Nimefika kwenye goti," nikamwambia.

"Goti? Kwani dada wewe unacheza? Siku ya kliniki imeshakaribia."

Nikamweleza habari ya yule farasi. Akasema, "Yaani unamfundisha mama yetu kama farasi. Huoni hata aibu?"

"Afadhali kama farasi," nikamjibu. "Wewe ulimkamata kama mbuzi wa Krismasi."

Akakata simu. Sikumpigia. Lakini maneno yake yalibaki yananikwaruza, kwa sababu kwa upande wa siku kutuishia hakuwa amekosea.

Ikafika siku ya mwisho kabla ya kliniki. Asubuhi hiyo mama alikuwa na furaha. Nilishuka begani, nikapita goti, nikafika kwenye kifundo cha mguu, na hakukunja. Alitulia. Hata midomo yake ilikuwa inatafuna hewa, nami nikajua moyo umeshuka. Hapo ndipo nilipotakiwa kuachia. Nilijua kabisa. Lakini kichwani nilimwona muuguzi na kalamu yake, nikaona hospitali kubwa, nikaona kigutu cha mguu, na vidole vyangu vikakaza vyenyewe. Mama akavuta. Nikakaza zaidi. Akanizaba kofi la shavu, kofi safi la mama, na ungo ukamwagika, ndengu zote kwenye vumbi.

"Toka kwangu!" akasema. "Mgeni gani huyu anashika watu!"

Nikatoka. Sikutoka kwa busara ya kumpa nafasi, wala si njia ya yule mwanamke wa kofia. Nilitoka kwa sababu kama ningebaki ningesema neno ambalo singeweza kulirudisha. Nilichukua beseni jikoni, maji yake yakiwa yameshachemshwa yakapoa, nikaenda kukaa kwenye kigoda nyuma ya ghala nimeupa mlango mgongo. Nikavua gambuti. Miguu yangu ilikuwa imevimba, visigino vimepasuka mpaka nyama inaonekana, na sikuwa nimeiangalia tangu nitoke Ruiri. Nikaitumbukiza ndani ya hayo maji ya mama. Potelea mbali, nikasema. Wakate. Mimi nimeshindwa. Na nikaanza kulia, kule kwa makamasi, nikijifuta na mkono wa sweta.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Hatua moja nzima, moja ya kuburuta. Sikugeuka. Nilikuwa nimechoka hata kugeuka.

Alikuja kwa ubavuni. Akavuta kigoda kingine akakaa kando yangu, sote tukitazama upande mmoja, kama kwenye ndengu. Kisha nikasikia mkono wake begani, ukaondoka. Ukarudi kwenye goti. Akainama akaingiza mikono ndani ya beseni na kuushika mguu wangu, nami nikauvuta. Niliuvuta bila kufikiri. Mtu mzima mwenye mvi, sijaoshwa mguu na mtu tangu niko mtoto, na visigino vile vilikuwa vya kuaibisha. Yeye akauachia hapo hapo. Akasubiri, mikono ikiwa ndani ya maji. Halafu akaujaribu tena, taratibu, na safari hii nikampa.

Aliuosha jinsi alivyokuwa akituosha zamani kabla ya kwenda kanisani, akipitisha kidole katikati ya kila kidole na kukwangua mipasuko kwa kucha yake ya gumba. Ilikuwa inauma na sikutaka aache.

"Umetembea sana, mama," akasema. "Umechoka."

"Nimechoka, mama," nikasema.

"Nimeona."

Akaukausha kwa leso yake, akaushusha chini, akaosha wa pili. Alipomaliza aliinua sketi, akanyoosha mguu wake wa kushoto, akauweka juu ya paja langu pamoja na bandeji yake chafu na harufu yake. Hakuniangalia. Alikuwa anatazama mbuzi.

Maji yalikuwa yamechafuka kwa miguu yangu, hayangeweza kugusa kidonda. Ikabidi nimwambie asubiri nikalete mengine, nami nilijua nikiondoka basi, nafasi imekwenda. Niliuinua mguu wake nikauweka kwenye kigoda changu. Nikaingia jikoni karibu nikimbie, peku, nikamimina kwenye beseni safi maji yaliyobaki sufuriani, nikachukua dawa na bandeji. Nilipotoka alikuwa vilevile, mguu kwenye kigoda, ananingoja. Nikamwosha. Kidonda kilikuwa kibaya, lakini nyama ya pembeni ilikuwa bado nyekundu.

Kesho yake muuguzi alikiinamia kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda chake. Akasema nyama ya pembeni bado iko hai, kwa hivyo hataandika barua kwanza, tuendelee kuosha, turudi tena. Tumerudi mara nyingi tangu hapo. Kinaziba kutoka pembeni, polepole mno, na mara ya mwisho alisema neno ambalo nilimwomba alirudie: mguu hautakatwa. Ndugu yangu nilipomwambia aliuliza nimewezaje. Sikuwa na nguvu ya kueleza. Nikamwambia aje aone, aje na mke wake, na wavue viatu mlangoni.

Uchovu haujaisha, msidanganyike. Kuna asubuhi ananiuliza tena wazazi wangu wanaishi wapi. Kuna siku anaficha vijiko kwenye unga. Lakini habari ya mguu tumeelewana, na masharti ni yake. Natia maji kwenye mabeseni mawili na kuyaweka nyuma ya ghala. Nikijaribu kuanza na kisigino chake, ili niwahi mbuzi, anakunja mguu chini ya sketi na kunigeuzia uso, na hapo hata uje na polisi hupati kitu. Lazima nikae kwanza. Lazima nivue gambuti. Hapo ndipo anapovuta kigoda karibu yangu na kukunja mikono ya sweta yake.

"Lete mguu, mama," ananiambia.