Neno kaka siku ya mahari

Nyumbani kwetu Masisi, kaka ni mtoto wa kwanza wa kiume, anayesema kwa niaba ya nyumba. Nilipoanza kazi Walikale, nikawasikia wachuuzi wanaosema Kilingala wakilitumia neno hilohilo kwa maana ya "tu": moko kaka, moja tu. Mwalimu mmoja kutoka Bas-Congo alinieleza kwamba kwao nkaka ni babu au bibi. Shuleni, mtoto akitaja kaka yake katikati ya somo la Kifaransa, darasa zima lilicheka, maana kwa Kifaransa hayo ni mavi. Kuhusu la kwetu, nimesoma kwamba huenda lilivuka bahari kutoka Uajemi au India, kisha likapanda milimani na misafara.

Dada yangu alipoposwa, mimi nikiwa bado nyumbani, kaka yetu alikuwa Walikale na barabara ilikuwa imefungwa. Mama akamwomba mfanyabiashara wa Butembo, aliyepanga chumba chetu cha mbele, asimame mahali pake. Tulikuwa tukimwita kaka tangu ahamie. Mama alihitaji ng'ombe wa maziwa, kwa sababu wetu alikuwa amezeeka na nyumba ililishwa na maziwa.

Wakwe walifika kutoka Kitshanga. Ng'ombe wengine walishakubaliwa, akabaki mmoja wa kuchaguliwa kati ya wawili: jike mwembamba mwenye kiwele kikubwa, au jike mnono anayeng'aa. Kwetu, kaka akishachagua, harudi nyuma. Mfanyabiashara yule hakutazama kiwele wala nyonga. Alimpigapiga mnono mgongoni kama anayepima gunia la maharagwe.

"Huyu."

Mjomba wa bwana harusi akaangua kicheko. "Kaka anachagua nyama ya brosheti! Huyo hajazaa hata mara moja!"

Nilitaka kuinuka. Mama akanishika goti, akamuuliza mjomba yule polepole, "Papa, unacheka nani?"

"Nacheka uyu muntu ya Butembo, Mama. Haiko kaka ya kweli."

"Wakati uliingia, ulimusalimia namna gani?"

Mjomba akatazama chini. "Nilisema, jambo kaka."

"Njo ivyo. Umecheka kaka ya nyumba mbele ya watu. Amande iko wapi?"

Kwetu amande, faini ya dharau hiyo, hulipwa palepale, na aliyedharauliwa ndiye anayeitaja. Wote wakamgeukia mfanyabiashara. Yeye akamtazama Mama. Mama alikuwa akimtazama yule mwembamba.

"Ile ya kukonda," akasema mfanyabiashara.

Mjomba akafungua mwenyewe kamba ya huyo wa pili, akinung'unika kwamba watu wa Butembo hata wakikosea wanapata faida.